Mbao za kitanda cha kujitengenezea: nunua saipresi, lakini ipime maji kwanza

Malalamiko yanayonifikia tangu masika yapite yanafanana. Mtu kaamua kuachana na vitanda vya bei rahisi vya dukani, akanunua mbao, akakata, akaunga, akapaka vanishi. Miezi mitatu baadaye kitanda kinalia kila akijigeuza, chaga zinadondoka, ubavu mmoja, ile mbao ndefu ya pembeni, umejipinda. Analaumu skrubu, analaumu fundi aliyempigia randa. Kosa haliko huko. Mbao ziliungwa zikiwa mbichi.

Sitapoteza muda kueleza jinsi ya kutazama kama mbao imenyooka au ina ufa; kila mtu anajua kuinyanyua na kuitazama kwa jicho moja kutokea mwisho. Nitakaa kwenye maji, kwa sababu hayaonekani na muuzaji hana sababu ya kuyataja.

Paini iliyotoka tu kupasuliwa inaweza kubeba maji yenye uzito unaozidi uzito wa mbao yenyewe. Ndani ya nyumba, Arusha au Moshi, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 10 hadi 13 hivi. Inapopoteza maji ya mwanzo hakuna kinachobadilika zaidi ya uzito. Ikishuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo inaanza kusinyaa, na inasinyaa upana na unene, urefu karibu hauguswi. Paini ya kawaida hupoteza kama asilimia 4 ya upana wake ikitoka 30 kufika 12, yaani mbao ya inchi 12 inabaki na inchi 11 na nusu. Sasa chukua ulimi wa inchi 5, yaani ncha ya mbao iliyochongwa, ulioingia kwenye tundu la mguu wa kitanda. Ulimi unasinyaa karibu milimita 5. Tundu halisinyai nao, kwa kuwa urefu wake unafuata nyuzi za mguu. Ule mwanya unaobaki ndio unaolia usiku, na hakuna skrubu itakayouziba.

Ukiuliza pale kwenye mbao utajibiwa, "Dada, hii imekauka, imekaa juani wiki mbili." Jua la wiki mbili hukausha ngozi tu. Ndani bado kubichi, na hiyo tofauti kati ya ngozi na kiini ndiyo inayoleta nyufa.

Kipimo cha haraka ni uzito. Nenda na mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza mizigo. Mbao ya paini ya 2x6 (inchi 2 kwa 6) kamili yenye futi 12, ikikauka vizuri, huwa na kilo 13 au 14. Ukiona kilo 20 na zaidi, umebeba ndoo ya maji utakayoilipia kwa bei ya mbao. Kama hauna mizani, nyanyua mbao tano za aina moja na saizi moja, uchague zile nyepesi.

Kipimo cha uhakika kinafanyika nyumbani. Kata kipande cha sentimita 3 kutoka ndani ya mbao, angalau sentimita 30 mbali na ncha, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni kwa nyuzi 100 hadi 105, ukipime tena kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 130 kikaishia gramu 100 kilikuwa na asilimia 30. Unatafuta 15 au chini yake.

Sasa aina za mbao, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni saipresi, na sioni haya kuipendelea. Inapandwa hapa hapa, kwenye mashamba ya serikali ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru/Usa, pamoja na kwenye mipaka ya mashamba ya watu. Inasinyaa kidogo kuliko paini, inapigika randa bila kunyofoka, na kiini chake huvumilia wadudu kuliko paini. Harufu yake inabaki chumbani muda mrefu. Siku hizi ni ngumu zaidi kuipata kuliko zamani, kwa sababu vidukari vya saipresi vilivyoingia nchini miaka ya 1980 viliharibu miti mingi na paini ikashika nafasi. Kasoro yake ni vifundo vilivyokufa, vile vyeusi vyenye mduara wa gome pembeni. Kibonyeze kwa kidole gumba. Kikicheza, kitatoka, na mbao hiyo usiitumie ubavuni.

Ya pili ni mringaringa wa vihambani, yale mashamba yanayozunguka nyumba. Rangi yake ya kahawia yenye dhahabu haihitaji kusaidiwa na kitu, na ni laini kwa patasi. Shida ni upasuaji: mwingi hupasuliwa shambani kwa msumeno wa mnyororo, na mbao ya inchi 2 upande huu unaikuta inchi moja na nusu upande ule. Lipia unene mdogo, si mkubwa. Kataa pia upande mweupe wa nje ya mti, ndio unaoliwa na wadudu. Hakikisha aliyekata ana kibali cha halmashauri. Mti wa kihambani nao unahitaji.

Mninga ningeuweka wa kwanza kwa tabia. Mbao chache hapa nchini zinatulia kama mninga baada ya kukauka. Lakini unatoka mbali, Tabora na Katavi, bei yake kwa Arusha inaumiza, na kitanda cha kwanza cha mtu anayejifunza si mahali pa kukosea nao. Mtiki wa Longuza, Muheza, uko nyuma yake kidogo. Ukikuta mbao ya mtiki ina nyeupe zaidi ya robo ya upana, imetoka kwenye mti mchanga na haistahili bei ya mtiki. Una mafuta pia, kwa hiyo futa sehemu ya kuunga kwa kitambaa chenye thina dakika chache kabla ya kupaka gundi.

Grevilea, ile ya kivuli cha kahawa, ina mchoro mzuri sana ikipasuliwa vizuri, ila miti myembamba hujipinda, na vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Vaa mikono mirefu na barakoa unapopiga msasa.

Paini inafaa ikikauka, ndiyo maana nimeitolea mfano wa kilo. Epuka mbao yenye kile kitone cha kiini cha mti katikati ya ncha yake, itapasuka tu. Na tafadhali, usinunue paini yenye ukijani iliyotiwa dawa ya paa. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki. Si ya kitanda cha mtoto, si ya meza ya kulia, na maranda yake hayachomwi jikoni.

Mkaratusi hujinyonga; uache kwa nguzo. Ubao wa unga wa mbao hauvumilii maji wala skrubu kufunguliwa mara ya pili.

Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, nunua hivi: 2x6 mbili, 2x4 tatu, 2x2 moja na 1x4 sita, zote za futi 12. Ongeza 1x4 moja ya akiba. Wengi hukosea kwenye mbavu. Wanafikiri 2x6 ya futi 12 inatoa mbavu mbili za futi 6. Haitoi. Godoro la futi 6 linataka nafasi ya futi 6 na inchi 1, na ubavu unahitaji kiulimi cha nusu inchi kila upande, jumla futi 6 na inchi 2. Kwa hiyo kutoka kila 2x6 kata ubavu mmoja wa futi 6 na inchi 2, kisha kipande cha upana, kinachounga miguu miwili ya kichwani au ya miguuni, cha futi 5 na inchi 4, ambamo mna ndimi mbili za inchi moja na nusu. Zinabaki inchi 6 za kuondoa ncha zilizopasuka.

Miguu usinunue 4x4. Mbao nene kiasi hicho karibu siku zote ni mbichi katikati. Gundisha 2x4 mbili ubapa kwa ubapa upate nguzo ya inchi 3 na nusu kwa 3 na robo tatu baada ya randa. Kutoka kwenye nguzo hiyo kata miguu miwili ya kichwani ya inchi 42 na miwili ya miguuni ya inchi 18. Futi 2 zinazobaki ndizo mguu wa katikati. 2x4 ya tatu inatoa boriti ya katikati ya futi 6 na inchi 1, na mbao ya juu ya kichwa ya futi 5 na inchi 4. 2x2 igawe mara mbili, uifunge ndani ya mbavu ibebe chaga. Kila 1x4 inatoa chaga mbili za futi 5, jumla 12, zikiachana inchi 2 na nusu hivi. Vipande vya futi 2 vinavyobaki, sita, ndivyo vijiti vya kichwa: ukingo wa juu wa mbao ya upana ukikaa inchi 14 kutoka sakafuni, vijiti inchi 24, mbao ya juu inchi 4, unafika 42 kamili.

Upana uunge kwa ulimi, tundu na gundi. Mbavu zifunge kwa bolti na washa, bila gundi, la sivyo siku ya kuhama kitanda hakitapita mlangoni. Kwa gundi, nachukua Fevicol SH na sitafuti nyingine. Paka ulimi na tundu vyote, funga jiliwa mpaka kesho yake. Na nunua kopo lililofungwa. Gundi nyeupe ya kupimiwa kwenye chupa za maji isiyo na jina mara nyingi imeongezwa maji. Ikiteremka kama maziwa kwenye ulimi, iache.

Kama mbao uliyoipata ina asilimia 25, hujapoteza pesa, umepoteza muda. Ipange juu ya matofali, angalau futi moja kutoka ardhini, chini ya bati, pembeni wazi. Kati ya safu na safu weka vipande vikavu vya inchi 1 kwa 1 kila baada ya futi 2, vikiwa vimenyooka juu ya vingine, maana kipande kilichokaa kando hupinda mbao zote zilizo juu yake. Ncha zipake rangi yoyote ya mafuta. Juu weka mawe. Mbao ya inchi 1 itataka miezi miwili au mitatu, ya inchi 2 mara mbili ya hapo. Moshi huenda haraka, Arusha ya Juni na Julai yenye baridi na mawingu huchelewa. Pima mbao moja ile ile kila wiki. Uzito ukisimama wiki mbili, anza kazi.

Kinachonikera ni bei. Mbao inaitwa 2x6, ukiipima kwa tepu mara nyingi haifiki hapo kabla hata ya randa, halafu randa unatozwa kando. Mbao iliyoloa inauzwa bei ile ile na iliyokaa ghalani miezi sita, kwa hiyo mfanyabiashara anayekausha hana faida, na wateja ndio tuliomzoesha hivyo kwa kutouliza. Uliza. Taja inchi unazozilipia, dai risiti, na kama unavusha mbao kutoka Moshi kuja Arusha dai na kibali cha kusafirisha cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu kwenye kizuizi atakayesimamishwa ni wewe.

Ukifika kwenye vanishi, paka na uvunguni, pande zote za kila mbao, makoti sawa. Upande usiopakwa hunyonya unyevu wa masika peke yake, na mbao inayovimba upande mmoja hujikunja hata kama uliinunua kavu.