Mbuzi wa maziwa Tabora: uzoefu wangu wa kununua na kutunziwa

Mimi ni mteja wa shamba moja la mbuzi wa maziwa lililoko nje ya mji wa Tabora, upande wa barabara iendayo Sikonge. Nilianza kwa kununua, kisha nikawa nawaacha mbuzi wangu hapo watunzwe wakati familia yetu inapokwenda Urambo kukausha tumbaku. Wauzaji wa mbuzi mkoani kwetu ni wengi, lakini wanaokubali kukutunzia mifugo yako kwa malipo ya mwezi ni wachache mno.

Wanauza chotara waliotokana na Toggenburg, aina ya mbuzi wa maziwa kutoka Uswisi, na mbuzi wa kienyeji, wengi wao wa kahawia wenye mistari miwili myeupe usoni. Bei ni kubwa kuliko ya mnadani, na kwa maoni yangu ni ya haki, kwa sababu kila mbuzi ana ukurasa wake katika daftari la shamba: mama yake, beberu aliyemzaa, tarehe ya kuzaliwa, chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, pamoja na kiasi cha maziwa alichokamuliwa mama. Mnadani hupati hata moja kati ya hayo.

Huduma ya kutunza ndiyo iliyonivutia zaidi. Nilipomshusha mbuzi wangu, mzee anayesimamia banda alimshika kichwa, akauvuta ukope wa chini kwa kidole gumba na kuniita nitazame. “Mama, huyu ana damu ya kutosha, ona palivyo pekundu. Pangekuwa peupe, ningempa dawa ya minyoo leo hii.” Wakati wa mvua, minyoo inayofyonza damu tumboni huwamaliza mbuzi kabla mfugaji hajashtuka, na kuwanywesha wote dawa ovyo huifanya minyoo iizoee dawa hiyo. Mbuzi wageni hutengwa kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Mabanda yameinuliwa juu ya nguzo, na sakafu ni ya mbao zilizoachiwa nafasi ili kinyesi kianguke chini, hivyo kwato hubaki kavu hata mvua inaponyesha siku nzima. Malipo ya mwezi hayajumuishi pumba na mashudu, ulizeni mapema.

Upungufu mkubwa uko kwenye upandishaji. Shamba lina beberu mmoja tu. Jike niliyemnunua hapo alipopata joto nikampeleka apandishwe, na daftari likaonyesha kwamba beberu huyo ndiye baba yake. Walikataa kumpandisha, na walifanya vema, kwa kuwa kuzalisha baba na binti hudhoofisha kizazi. Hata hivyo, shamba linalouza majike na kuwaalika wateja warudi kupandisha lilipaswa kuwa na beberu wa ukoo mwingine tangu mwanzo. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi na mimba huchukua miezi mitano, kwa hiyo kila mzunguko unaopotea unachelewesha maziwa. Hatimaye nilimpandisha kwa beberu wa mfugaji mwingine, Uyui.

Kwa kununua na kutunziwa, nendeni bila wasiwasi. Kwa kupandisha, ombeni kwanza kuona ukurasa wa jike wenu. Anayetaka nafasi ya kutunziwa awahi kuongea nao kabla ya Desemba, kwa kuwa wakulima wa tumbaku wakishaingia kwenye mabani ya kukaushia, banda la wageni hujaa.