Darasa la Confucius la Jumamosi, Wandegeya: 40,000, wiki nne, somo moja tu

Nimelimaliza lile darasa la falsafa ya Confucius, yule mwalimu wa kale wa China, pale Wandegeya na kwa vile watu wa steji yetu Kabalagala wananiuliza kila siku kama pesa yangu ilipotea bure, naandika mara moja nimalize. Ni Jumamosi nne, saa nane mpaka saa kumi, 40,000 unalipa siku ya kwanza, chumba kiko juu ya maduka ya fotokopi, ngazi nyembamba na kibao hakuna, ukifika uliza tu wanaposomea wale wa Confucius utaonyeshwa. Linafundishwa kwa Kiswahili na hicho ndo kilinivuta, maana Kampala hii mambo ya maana yote ni Kiingereza au Luganda, Kiswahili mtu akikisikia bado anawaza wanajeshi wa zamani na wezi. Tulikuwa kama kumi na wanne hivi, Wakongomani, Wakenya, Wanubi wa Bombo, na Waganda wawili wanaouza vitu kwenye mtaa wa biashara wa Kikuubo.

Nilidhani tutaanza na historia ya China, wafalme na vita. Wapi. Mwalimu, mzee mmoja mtaratibu sana, anaongea mpaka unasogeza kiti, alisema wiki zote nne ni kitu kimoja, aibu. Akaandika ubaoni haya, aibu, soni, fedheha, akatuuliza tofauti yake, na hapo tukakaa karibu saa nzima watu wanabishana. Mganda mmoja akasema soni ndo hio hio ensonyi ya kwao. Mama mmoja wa Bombo ndo alitufunga mdomo, akasema haya inakuja kabla hujafanya, aibu inakuja ukishafanya, na fedheha inakuja watu wakishajua. Mzee akacheka kwa furaha, akasema hata Wachina wana maneno yao tofauti tofauti, kuna chi, kuna xiu, kuna ru, halafu akaichora ile chi, ni sikio limekaa karibu na moyo. Ile picha haijanitoka mpaka leo.

Confucius mwenyewe alizaliwa mwaka 551 KK kwenye dola la Lu, huko Shandong ya leo, na neno lake kubwa hapa ni kwamba ukiwaongoza watu kwa amri na adhabu watazikwepa tu na hawatakuwa na haya, ila ukiwaongoza kwa wema na kwa li, watakuwa na haya na watajinyoosha wenyewe. Li ni zile heshima na taratibu za watu, namna ya kusalimia, namna ya kumpa mkubwa kitu, kama mtoto wa Kiganda anavyopiga magoti bila kuambiwa. Nikawaza wachuuzi wa barabarani, askari wa jiji wakitokea kila mtu anakunja turubai anakimbia, wakipita kila mtu anarudi palepale, na hakuna hata mmoja anayeona soni, anachojua ni kwamba leo amewahi kukimbia au amechelewa.

Wiki ya pili ilikuwa ya Mencius, huyu ni mfuasi wa Confucius aliyekuja baadaye, karne ya nne KK, na kwa mimi ndo alikuwa mtamu zaidi. Anasema kila binadamu anazaliwa na machipukizi manne moyoni, kuna huruma, ile ya kushtuka ukiona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani, halafu kuna kuona aibu kwa uovu wako na kuchukia uovu wa wengine, na hilo la pili ndo linakua mpaka linakuwa yi, yaani uadilifu. Yaani aibu kwake sio ugonjwa wa kutibiwa, ni mche wa kumwagilia. Anatoa mfano wa ombaomba, anasema hata mtu mwenye njaa ya kufa ukimpa chakula ukakisukuma kwa teke hatakigusa. Hapo kijana mmoja Mkongomani akanyoosha mkono, akasema walipokuwa safarini kukimbia vita kuna mahali walirushiwa biskuti kutoka juu ya lori, watu wanaokota tope na biskuti pamoja, na yeye alikuwa na siku mbili hajala lakini mkono ulikataa kushuka. Akakaa. Hakuna aliyesema kitu, mzee naye aliacha ule ukimya ukae, hakuurukia na mafundisho, na mimi hapo nilimheshimu sana.

Halafu kuna hadithi yake Mencius ya mtu wa Qi, dola lingine la China ya zamani. Bwana mmoja ana wake wawili, kila siku anatoka anarudi ameshiba nyama na pombe, akiulizwa alikuwa na nani anasema wakubwa, matajiri. Mke mkubwa akamwambia mwenzie mbona hao wakubwa hatujawahi kuwaona hapa nyumbani, kesho namfuata. Akamfuata asubuhi mji mzima, hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kumsalimia, mwisho jamaa akafika makaburini upande wa mashariki, akawa anaomba mabaki ya sadaka za wafiwa, hayakumtosha akageuka kutafuta kaburi lingine. Mama akarudi akamwambia mwenzie, wote wawili wakalia uani, na bwana akaingia anajidai vilevile, hajui kitu. Mzee akauliza, nani hapa ana haya? Tukabishana mpaka saa kumi na nusu. Mimi nilisema huyu bwana ana aibu, ndo maana anadanganya, na mzee akaniambia ndio mwanangu, ana woga wa macho ya watu, haya ndo hana.

Sasa hapo nilinyamaza kwa sababu yangu. Mimi nina kibanda cha pesa za simu, na wiki hiyohiyo mama mmoja mteja wangu aliniletea pesa nimuwekee 150,000, usiku nafunga mahesabu nakuta floti, yaani pesa ya kwenye simu, iko sawa lakini taslimu imezidi 50,000, nikajua ni yake tu. Sikumpigia. Nilikaa nayo siku mbili nikijiambia akiuliza ntampa. Wafuasi wa Confucius wana neno lao shen du, kujichunga ukiwa peke yako, na mzee alilitaja siku ile kama kwa kupita tu. Jioni ile nikampelekea mama pesa yake mpaka kwake. Akaniambia, nilijua iko kwako mwanangu, nilihesabu nilivyofika nyumbani, nikasema nikuache. Masikio yaliwaka moto, nikaielewa ile herufi ya sikio na moyo.

Sasa lawama, na hii sitaipunguza. Jumamosi ya tatu kabla mzee hajafika, msimamizi wa darasa alisimama mbele akasoma majina ya waliobakiza ada, kwa sauti, na kiasi cha kila mtu. Kulikuwa na binti mmoja mwanafunzi alikuwa amebakiza 15,000 tu, akakusanya daftari lake akatoka na hajarudi. Kwenye darasa la aibu! Na somo la siku hio lilikuwa la Xunzi, mfuasi mwingine wa Confucius wa karne ya tatu KK, anayesema kuna aibu mbili, moja inatoka kwenye matendo yako mwenyewe, nyingine unatupiwa na hali au na watu wenye nguvu, na mtu mwema anaweza kupatwa na hio ya pili lakini sio ya kwanza. Mzee alipoambiwa alisimama kimya muda mrefu ndo akaanza kufundisha. Alituomba radhi yeye. Msimamizi mpaka leo hajaomba, na nilimwambia usoni kwamba hii aibu ni yake sio ya yule binti.

Mengine ni madogo, fotokopi zimefifia, maji ya kunywa hakuna. Ningependa pia tungekaa zaidi kwenye aibu ya umaskini, maana iligusiwa juu juu tu, kwamba Confucius alimsifu mwanafunzi wake Zilu kwa kuweza kusimama na joho lililochakaa pembeni ya watu wa manyoya ya mbweha bila kuona haya, na kwamba anayeonea aibu nguo mbovu na chakula kibovu hafai hata kujadiliana naye. Sisi wa mitumba ya soko la Owino tulikuwa na mengi ya kusema hapo.

Mwalimu nampa tano kwa tano, usimamizi nampa moja. Awamu nyingine wanasema inaanza mwezi ujao bei ileile. Ukienda, lipa yote siku ya kwanza, na kama unamjua yule binti wa wiki ya tatu mwambie ile 15,000 nishalipa na notsi zake za Xunzi ziko kwangu kibandani.