Dada wa Sinza anayechapa rekodi za mahojiano: nampa nyota 4

Kama una rekodi zimejaa kwenye simu na supavaiza kila siku anauliza data iko wapi, soma hii kabla hujatupa hela.

Mimi nilikuwa na mahojiano 23, kama saa 19 hivi. Utafiti wangu ni wa watu waliotolewa bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ile mvua ambayo Dar ilikuwa haijaiona tangu 1954, wakapelekwa Mabwepande, kule pembezoni mwa jiji, wakapewa viwanja na mahema ya kuanzia. Wengine wako kule mpaka leo, wengine waliuza kiwanja wakarudi zao bondeni, na mimi nilichokuwa nafukuzia ni kwa nini walirudi.

Nilianza na app ya bure ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Usijaribu. Suna, ule mtaa wa Magomeni, ikaandika "sina", na Mabwepande kila ukurasa ina spelingi yake.

Nikapeleka rekodi 5 kwenye ofisi moja ya kiyoyozi na risiti, elfu 30 kwa saa, jina naliacha. Walirudisha fasta, kurasa zimenyooka, nikafurahi mpaka nilipokaa kusoma huku nasikiliza. Mama wa watu kasema "tulihamishwa", wao wameandika "tulihama". Kasema "bondeni", wao "maeneo hatarishi". Jamani! Aliyehama alipanga siku yake, aliyehamishwa alipangiwa, na utafiti wangu wote umekaa hapo katikati, sasa wewe unaninyooshea lugha ili iweje?

Ndo nikaelekezwa kwa dada mmoja Sinza, ana stesheneri ndogo, fotokopi upande huu vocha upande ule, hedifoni imefungwa selotepu. Elfu 15 kwa saa ya rekodi. Kabla hata ya bei akaniuliza, unataka na vikohozi au bila, na majina ya watu niweke au niweke namba? Nikajua nimefika. Siku nyingine kanipigia saa 4 usiku kuuliza zile alama walizopiga kwenye nyumba za bondeni kwenye bomoabomoa ya 2015 aandike "X" au "eksi", maana bibi kwenye rekodi anasema "nilipigwa eksi" kama vile kapigwa yeye na siyo nyumba.

Ila kilichonimaliza ni rekodi ya 14. Mzee wa Mabwepande ananipigia hesabu: kibarua chake kilikuwa Kariakoo, akiwa bondeni alikuwa anatembea kwa mguu anafika, kule anaunga daladala, anatoka alfajiri na nauli inakula nusu ya alichopata. Haya, nikamuuliza, mzee ungepewa nafasi ungerudi? Mvua ikaanza. Dada kaandika hivi: mvua juu ya bati, dakika 1 na sekunde 40, mzee kimya, halafu anasema sogeza kiti kisilowe. Mimi nilikuwepo pale pale barazani na sikushtuka kabisa kwamba nimekwepwa, nimekuja kushtukia kwenye karatasi. Ile ofisi ya kiyoyozi wangeandika "haisikiki" wakaendelea.

Nyota ya 5 nimemnyima kwa sababu alichelewa siku 9. Mara luku imeisha, mara mtoto anaumwa, mara wateja wa fotokopi wamejaa, na mimi huku chuo wananihesabia siku. Kwa hiyo mdanganye deadline, mwambie wiki 2 kabla. Na mlipe nusu kwanza, nusu baadaye, mwenyewe anakubali.

Rafiki yangu anafanya kuhusu hawa wa sasa hivi, waliolipwa fidia ya pesa na mradi wa Bonde la Msimbazi kila mtu akajitafutie pa kwenda, nimeshamuunganisha na huyu dada. Faili tuma kwa WhatsApp, ile flashi yake ina virusi balaa.