Nilivyotibu kutu kwenye njia za hewa za lori langu kuukuu

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nikikata kona ya kwanza tu, maji yalimwagika kutoka chini ya dashibodi mpaka miguuni mwa aliyekaa kiti cha abiria. Yalikuwa ya kahawia, yananuka majani yaliyooza. Nikiwasha feni, matundu ya dashibodi yalitema magamba ya kutu, na siku moja likatoka bawa la mende. Niliulaumu mpira wa kioo cha mbele. Nikaubadilisha, hela ikaenda, maji yakaendelea kuja vilevile.

Naandika kwa mwenye lori la umri kama wa langu, la mwaka 1979, ambaye yuko mbioni kununua chupa ya dawa ya kutu akidhani kazi ni kupaka na kufunga. Nilitumia bidhaa mbili: dawa ya maji inayogeuza kutu, na nta ya kopo inayopulizwa kwenye mianya. Watengenezaji siwataji, maana makosa mengine yalikuwa yangu mwenyewe.

Kwanza jinsi mtego wenyewe ulivyo. Lori langu, kama mengi ya zamani, huvuta hewa kupitia wavu ulio chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala. Chini ya wavu kuna boksi la bati, na mvua huingia humo pamoja na hewa. Hilo si kosa, ndivyo lilivyoundwa. Tundu la kupeleka hewa kwenye feni limezungushiwa ukingo ulioinuka, kwa hiyo maji hupita pembeni yake na kushuka kwenye mirija miwili, mmoja kila upande, hadi nje. Mirija ikiziba kwa majani, boksi linakuwa beseni. Maji yanapanda, yanavuka ukingo, yanaingia kwenye feni. Na bati linaliwa kwa ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa, ndiyo maana nilichelewa kuligundua.

Nilitoa waya wa betri, nikafungua wipa, wavu na nyumba ya feni. Kabla ya kugusa kitu nilipitisha ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Kwenye kona ya kushoto kulikuwa na kiota cha panya kilichokauka. Hapo usikimbilie kufagia wala kupuliza kwa kompresa, kwani vumbi la mkojo na kinyesi cha panya linaweza kubeba magonjwa. Nilivaa barakoa na glavu, nikakilowesha kwa maji yenye dawa ya klorini, nikakitoa kikiwa kibichi. Kisha nikasuuza sana, kwa sababu klorini ikibaki kwenye chuma huharakisha kutu ileile unayopigana nayo.

Mrija wa kulia ulikataa waya. Nikasukuma, nikazungusha, nikavuta, na mwishowe ukatoka mkate mweusi wa matope wenye umbo kamili la mrija, mrefu kama kidole, na katikati yake mbegu imeshaota. Maji yaliyofuata nyuma yake yalinilowesha hadi kwenye kiwiko. Nilikaa kidogo nikiutazama. Yaani mpira wa kioo nimebadilisha bure.

Sasa dawa yenyewe. Ni nyeupe kama maziwa, na kinachofanya kazi ndani yake ni tanini, jamaa ya ile iliyo kwenye chai ya rangi. Tumbukiza msumari wenye kutu kwenye chai nzito, kesho utaikuta imekuwa nyeusi. Mambo ni hayohayo. Tanini inashikana na kutu na kuigeuza kitu kigumu cheusi kisichoendelea kula chuma kwa kasi ile, na ule utomvu uliochanganywa ndani ya dawa unakauka na kuwa ngozi juu yake. Kuiona ikifanya kazi kunafurahisha. Nilipopaka, kahawia ikawa zambarau, kisha buluu iliyokolea, na dakika kama 20 baadaye nyeusi tii.

Mara ya kwanza nilifanya uvivu. Nilipiga brashi ya waya juujuu, nikapaka. Wiki mbili baadaye nikavuta gamba moja kwa ukucha, likabanduka kubwa kama kiganja, na chini yake kutu nyekundu, mbichi kabisa. Dawa haizami kwenye kutu nene. Inageuza inayoigusa, basi. Nikarudia kazi yote. Safari hii nilitumia brashi ya waya ya kufungwa kwenye drili, nikagongagonga kila mahali kwa mpini wa bisibisi nikisikiliza. Bati zima linalia, bati lililooza linabweka kama kadibodi. Nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti ili mafuta yasibaki, nikaacha pakauke, ndipo nikapaka mikono miwili. Maelekezo yalitaka isipakwe kwenye baridi ya chini ya digrii 10 wala juani kwenye bati la moto, na nikaisubiri saa 24 kabla ya rangi.

Kuna mambo ambayo chupa iliyaandika kwa herufi za mchwa. Mimina kiasi unachohitaji kwenye kikombe, na kilichobaki usikirudishe: mimi nilirudisha, na vumbi la kutu lililokuwa kwenye brashi likaganda nusu ya chupa kuwa mabonge meusi. Tena, kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa dawa haina cha kugeuza, inabaki ngozi laini inayobanduka. Pale praima ya kawaida, yaani rangi ya msingi, inafaa zaidi. Na dawa si rangi. Ukiiacha wazi kwenye boksi linalopitisha maji, itachoka. Mimi niliifunika kwa rangi ya epoksi, mikono miwili, nikaacha milango wazi siku kadhaa mpaka harufu ikaisha.

Nta ndiyo iliyonichanganya. Kopo linakuja na mrija wa sentimita 60 wenye ncha inayorusha pande zote, na kwa nguzo za milango na mianya iliyofungwa sijaona kitu bora. Inatambaa mpaka kwenye maungio ya bati ambako brashi haifiki. Tatizo ni kwamba niliipuliza pia kwenye njia ya hewa, karibu na tundu la feni. Kwa wiki tatu kila nikiwasha hita, kichwa cha lori kilinuka kama karakana ya mshumaa, na abiria wangu akaanza kulalamikia kichwa badala ya miguu. Ikabidi nifungue tena na kuifuta. Halafu nta hiyohiyo ilichuruzika ikaziba mrija mmoja niliokwisha kuuzibua! Ukiipuliza, acha waya ndani ya kila mrija, uuchomoe nta ikishatulia.

Mengine yalikwenda upesi. Nyumba ya feni ni ya plastiki, ilitaka sabuni tu. Kebo za vishikio vya kurekebisha hewa nikazipaka grisi. Sponji za vile vifuniko vinavyoelekeza hewa zilikuwa zimegeuka unga. Nimeweka sponji ya aina isiyonyonya maji, kwani ile ya godoro inafyonza na kukilowesha chuma siku nzima. Redieta ndogo ya hita sikuipaka chochote, nilipuliza tu vumbi katikati ya mapezi yake kwa upepo mdogo.

Dawa naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zile herufi za mchwa. Nta naipa nne kwa mianya iliyofungwa, na sifuri kwa njia ya hewa. Dawa hairudishi chuma kilicholiwa, na kona ya kushoto, chini ya kile kiota, bisibisi ilipenya. Pale nimekatisha bati na kuchomelea kiraka, na hakuna chupa ambayo ingeniepusha na hilo.

Msimu mzima wa mvua umepita. Nikitaka kuhakikisha, namimina ndoo ya lita 10 polepole juu ya wavu, kisha nachungulia chini: maji yanatoka pande zote mbili, meupe. Chini ya wavu nimefunga chandarua cha plastiki, na kila nikiosha lori naokota humo konzi ya majani.