Niliomba kuskani postikadi, wakaipiga laminesheni

Nimewasifia sana hawa wa steshenari ya karibu na stendi. Kuskani wanajua. Rangi zinatoka kama zilivyo, na yule kijana wa kompyuta haharakishi kazi ya mtu. Nimempelekea postikadi zaidi ya arobaini na hajanikunjia hata pembe moja. Kwa hiyo sina ugomvi nao wa siku nyingi.

Nakusanya postikadi za majengo yaliyoanguka, hata kama baadaye yalijengwa upya. Ninayo ya daraja la Mostar, Bosnia, kabla halijabomolewa kwa mizinga mwaka 1993. Lililopo leo lilifunguliwa 2004. Ninayo ya Notre-Dame ya Paris ikiwa bado na ule mnara wake mwembamba ulioteketea Aprili 2019. Hizo nilinunua, nyingine nilibadilishana na watu. Ya Beit al-Ajaib sikuinunua. Shangazi yangu aliniandikia kutoka Unguja nikiwa shule ya bweni, akabandika stempu, ikanifikia bila bahasha, na muhuri wa posta unasomeka mpaka leo. "Ukija likizo nitakupeleka ukaione," aliandika. Kwenye picha mnara wa saa umesimama, unatazama Forodhani na bahari. Mnara huo ndio ulioporomoka siku ya Krismasi 2020 pamoja na sehemu ya jengo, watu wawili wakafariki. Shangazi naye hayupo tena.

Wiki kadhaa zilizopita nikaipeleka. Kijana hakuwepo, nikamkuta dada mwingine. Nikamweleza taratibu: naomba uiskani mbele na nyuma, nitapita baadaye kuichukua. Akaitikia huku macho yapo kwenye simu. Niliporudi alinikabidhi kadi ikiwa ndani ya nailoni ngumu, ya moto bado.

"Nimekupigia na laminesheni isichakae. Skani mia tano, laminesheni elfu moja."

Miguu iliniisha nguvu. Nikauliza nani kakuagiza. Badala yake akajibu mwenye duka kutoka ndani, bila hata kuinuka: "Mama, si kadi tu hiyo? Wenzako wanakuja wenyewe kuomba wapigiwe."

Wenzangu wanaleta vyeti vya kuzaliwa! Kwa asiyejua, nailoni ile ina gundi inayoyeyuka kwa joto na kushikana na karatasi. Ukiivuta inaondoka na picha, inaondoka na wino, inaondoka na stempu. Anayekusanya postikadi anatafuta karatasi yenyewe, ile iliyosafiri, iliyoshikwa na mkono wa aliyeandika. Ingekuwa picha peke yake ninayoitaka, ningeitafuta kwenye simu.

Nilipoanza kuandika hapa nilitaka kusema nendeni, ila msimame hapo hapo mpaka kazi iishe. Nilitaka hata kumtetea yule dada, maana pengine hakufundishwa, na labda kweli alidhani ananisaidia. Lakini samahani hakuna aliyeitamka, si yeye wala bosi wake. Na ile elfu moja wakanidai, na mimi nikailipa kwa sababu kadi ilikuwa bado mkononi mwao. Kila nikikumbuka nilivyofungua pochi nikatoa hela ya kulipia uharibifu wa kitu changu, nasikia joto kifuani. Sirudi pale. Hata yule kijana akirudi kazini, sirudi, na ninyi msipeleke kitu chochote ambacho hamna cha pili chake.

Shangazi alikuwa anakandamiza sana kalamu akiandika. Ukiigeuza kadi upande wa picha, ulikuwa unayahisi maneno yake kwa kidole, yamevimba kidogo pale kwenye roshani za Beit al-Ajaib. Nilizoea kufanya hivyo kila nikifungua albamu. Jana usiku nilipitisha kidole tena. Panateleza tu.