Kibuyu chirizi au stendi ya kukanyaga: kipi kinadumu Tanga?

Tangu corona ya 2020, mafundi wa kuchomelea wanatengeneza stendi za chuma za kunawia: ndoo juu, koki, kanyagio moja la maji na jingine la sabuni. Zikiwa mpya zinapendeza. Lakini kwa choo cha nyumbani au cha shule, kuanzia Sahare hadi Tongoni, tunapendekeza bila kusita kibuyu chirizi, yaani chombo cha maji chenye tundu, kinachoning'inia kwenye fito na kuinamishwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga. Hewa ya bahari haina huruma na springi. Ikishika kutu, kanyagio linakaza, mtu anakanyaga na maji hayatoki, mwisho koki inafunguliwa kwa mkono uleule uliotoka chooni. Stendi ikifika hapo inasubiri fundi. Kibuyu kikikatika kamba, mtoto wa darasa la nne anaifunga mwenyewe.

Siku hizi kibuyu chenyewe ni dumu la lita 5. La mafuta ya kula linafaa, likioshwa kwa maji ya moto na sabuni. Lililobeba dawa ya shamba lisitumike kabisa.

Miti miwili yenye panda, urefu wa mita 2, ifukiwe sentimita 50, ikiachana sentimita 70. Mwarobaini unastahimili mchwa kuliko fito za kuokoteza. Fito ya kulala hupita kwenye mkono wa dumu.

Vingi huharibikia kwenye tundu. Pasha moto msumari mwembamba, toboa tundu la milimita 2, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko, upande wa anayenawa. Msumari wa inchi 4 unatoboa tundu kubwa mno, na dumu linakauka mapumziko hayajaisha. Maji yajazwe hadi chini kidogo ya tundu, vinginevyo yatachirizika dumu likiwa limetulia. Kwa hiyo dumu la lita 5 halibebi lita 5, na anayepanga zamu za kujaza alijue hilo mapema. Kamba ya kanyagio ipite kwenye kifuniko, fundo libaki ndani, na pembeni yake pawe na upenyo wa hewa. Pasipo upenyo, maji yanatoka kwa kukatakata.

Tanga ni nyumbani kwa mkonge, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kamba ya katani. Hapa tumia manila, ile kamba ya plastiki. Katani ikilowa na kukauka kila siku inaoza.

Sabuni ndiyo inayopotea kwanza, na mara nyingi mwizi ni kunguru. Kata kipande cha sabuni ya mche, kitoboe, kining'inize, kisha kifunike kwa nusu ya juu ya chupa ya maji ya lita 1.5, kamba ikipita mdomoni mwa chupa. Kunguru anakosa pa kudonoa, na mvua haiiyeyushi. Kama maji ni ya kisima chenye chumvi, povu litakuwa haba na watoto watasema sabuni ni mbovu. Hapo jaza maji ya mvua au ya bomba.

Chini ya dumu chimba sentimita 40 kwa 40, kina 10, ujaze kokoto. Bila hivyo panakuwa tope, na watoto wadogo wanapakwepa.

Mahali pasipokifaa kibuyu ni penye umati, kama soko la samaki la Deep Sea. Mikono yenye shombo na mafuta inataka maji mengi. Wekeni ndoo ya lita 20 yenye koki ya plastiki ya kusukuma kwa kiwiko.

Shuleni, zamu ya kujaza iandikwe kwa jina la mwanafunzi, asubuhi na tena kabla ya uji. Ikiandikwa "darasa la tano", dumu litakutwa tupu.