Kura moja London, kura moja Washington

Mwaka 1748 Montesquieu, Mfaransa, aliitolea mfano Uingereza: uhuru wa raia hudumu pale anayetunga sheria, anayezitekeleza na anayehukumu wasipokuwa mtu mmoja. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe hawakutenganisha hivyo. Waziri mkuu wao hutoka bungeni, na bunge likimkataa hujiuzulu au huitisha uchaguzi. Walioshika somo ni Wamarekani, walipoandika katiba Philadelphia mwaka 1787: kwao waziri haruhusiwi kuwa mbunge.

Tofauti huonekana hasa siku ya kumng'oa mkubwa. Machi 28, 1979, wabunge wa Uingereza walipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya James Callaghan: 311 kwa 310. Kura moja tu, nchi ikaenda kwenye uchaguzi, na hakuna aliyetakiwa kuthibitisha kosa lolote. Marekani, mwaka 1868, maseneta 35 walipiga kura kumtia hatiani Rais Andrew Johnson na 19 wakakataa. Theluthi mbili iliyotakiwa ili kumng'oa ilikuwa 36. Akabaki Ikulu, ingawa wengi walishamchoka.

Mimi napendelea wepesi wa London, ila waziri mkuu mwenye wabunge wengi na watiifu hana wa kumshika shati. Kwetu kuna mchanganyiko: katiba ya Kenya ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, lakini Tanzania rais huchaguliwa na wananchi, kisha huwateua mawaziri miongoni mwa wabunge.